Kaburi Lililozidi Kina

Mwaka huu, mvua zilipokatika, tulikusanyika kujengea kaburi la Mabula. Fundi alilizunguka, akachomeka fimbo kwenye udongo, fimbo ikazama karibu yote, akasonya. Kaburi la baba yake Mabula liko hapohapo kando, ni la zamani zaidi, na limesimama vizuri na saruji yake. Hili la mtoto lilikuwa limetitia katikati, ungedhani ng'ombe amelala juu yake masika mazima. "Nani alichimba hili?" fundi akauliza. "Kaburi halichimbwi hivi. Nikimwaga zege leo, litapasuka. Huko chini udongo bado unashuka." Mama Mabula akajifanya anapanga ndoo. Mjukuu wangu Shija alikuwa anasukuma toroli la mchanga, akalisimamisha. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini mwa ukuta wa jiko, nikatega sikio nisikie atajibu nini. Msiba ule ulijaa watu, lakini ni mimi na yeye tu tunaojua kwa nini kaburi la Mabula lilikwenda chini kupita kina cha makaburi.

Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule aliokufa Mabula. Nilizaliwa wapi na nani alinioa, hayo hayahusiki hapa. Nilisoma mpaka darasa la nne, barua zangu naandika mwenyewe, na haya nimeyaandika mwenyewe. Mtu akifika umri wangu hudhani kilichobaki ni kufundisha wengine. Mwaka ule nilikalishwa kwenye benchi nikafundishwa, tena na kitu ambacho sikukiamini, na hadi leo sikiamini.

Shija alirudi kutoka Nyarugusu kipindi cha kupalilia mpunga. Alikwenda huko kuchimba dhahabu pamoja na Mabula, mtoto wa jirani yangu, nyumba yao na yangu zinatazamana hapa Segese. Waliondoka wawili, akarudi mmoja. Alikuwa amekonda, anajikuna, jua la mchana yeye amevaa koti. Nilimpa chumba cha uani, kile ninachohifadhia michembe, na alilala katikati ya magunia ya viazi vikavu akitetemeka na kutapika. Mimi nikafikiri ni zebaki, ile wanayokamatia dhahabu, maana nimeona ilivyowafanya wengine. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia. "Bibi, ni unga. Navuta unga. Kule chini ya duara, lile shimo la dhahabu, kuna joto na hofu, ukivuta huogopi tena." Nilimuuliza unga huo anauleta nani kule porini. Akageukia ukutani. Jina alilitaja baadaye sana, na alilitaja kwa heshima, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa mzee wa kupewa shikamoo. Baba Neema. Ndiye aliyekuwa anagharamia duara lao: chakula, kamba, magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Na kete za unga zilitoka kwake pia, hazikuwahi kuuzwa mezani kama bidhaa. Unamsalimia mzee, anakupa mkono, mkono unarudi na kitu.

Ile hali ya kutetemeka ilipopita, na ilipita kwa dawa za nesi wa kituo cha afya na uji wangu wa ulezi, nesi akasema kazi ndiyo kwanza inaanza. Nesi huyu aliitwa Prisca, binti mfupi, mpole, mtu wa Sumbawanga. Akanieleza kwamba mwili umeshaachana na unga lakini kichwa bado, na kwamba kituo kimeletewa kompyuta yenye masomo ya kumfundisha mtu kuzikamata fikra zake kabla hazijamkamata yeye. Nikamuuliza mwalimu ni nani. Akasema mwalimu ni hiyohiyo kompyuta. Nikamwangalia vizuri nione kama ananitania.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya kituo cha afya, mlango unaofuata baada ya pale wanapopima watoto uzito. Kilikuwa na meza, kiti kimoja cha plastiki, dirisha lenye pazia la kitenge, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Kompyuta ilikaa mezani imefunguliwa kama sanduku. Shija alivaa vile vitu vya masikioni, mimi nikakaa kwenye benchi mlangoni, kwa sababu nesi alisema kila mgonjwa awe na msindikizaji. Lakini msindikizaji gani asiyesikia kinachosemwa? Nilimwona mjukuu wangu anatikisa kichwa, anabonyeza, mara anacheka kidogo, mara anajifuta macho, na mimi sisikii hata neno. Nimelea watoto na wajukuu. Mtu akimnong'oneza mtoto wangu jambo la kumliza nisilolisikia, namfukuza nyumbani kwangu. Huyu nilitakiwa kumletea mtoto mwenyewe, kila wiki, tukiwa tumeoga.

Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya mizani walilitazama jambo lile na kulisema, kama kawaida. "Yule kijana anaungama kwa kompyuta?" mmoja akauliza. Mwenzake akajibu, "Bora kompyuta, haina mdomo wa kupeleka habari sokoni kama wewe." Wakacheka, na mimi ningecheka, lakini neno lile lilinikaa. Haina mdomo, sawa. Lakini inasikia, na kinachosikia lazima kinaweka mahali. Siku hiyo nilimvizia nesi Prisca akiwa anakunywa chai.

"Binti yangu, maneno ya mjukuu wangu yanakwenda wapi?"

"Yanahifadhiwa, bibi. Ni siri."

"Siri ya nani?"

"Ya mgonjwa. Hata jina lake halimo. Amepewa namba tu."

"Ng'ombe naye hana jina," nikamwambia, "ana alama tu ya moto pajani. Na mwenyewe anamjua hata akichanganywa na wa watu wengine."

Nesi akaweka kikombe chini. Akainuka akaita mwingine wa foleni. Ningemheshimu kidogo kama angesema hajui.

Nikaomba kuisikia mwenyewe. Nesi alikuwa na subira, hilo siwezi kumnyima. Akanikalisha kwenye kile kiti cha plastiki na kunivika vile vya masikioni juu ya kilemba. Ikaja sauti ya mwanamke, Kiswahili chake laini cha watu wa pwani, ikasema, karibu tena, je, tangu tulipoonana umepata hamu ya kutumia? Nikasema, "Sijatumia, na wewe hujanisalimia." Shija alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu ikaonyesha filamu: vijana wamekaa kwenye makochi, meza ya kioo, mmoja anamwambia mwenzake chukua kidogo tu, na yule mwenzake anamtazama usoni na kusema, hapana, nimeacha, usiniulize tena. Sauti ikauliza, amefanya vizuri au vibaya? Nikavua vile vitu. Nikamwambia nesi, huyo kijana amefanya vizuri kwa watu wenye makochi. Hapa mtu anayekuletea si rika lako. Ni mzee. Utamkazia macho mzee na kumwambia usiniulize tena, kesho utakwenda kwa nani ukikosa jembe?

Pamoja na hayo sikumzuia. Nilikuwa nimeshaona kitu. Jioni, tukila ugali na mboga kavu ya nsansa, Shija alianza kusema mambo ambayo zamani angeyameza. Siku moja alisukuma sahani, akasema, "Bibi, sasa hivi kuna fikra imekuja inaniambia kidogo tu haiwezi kunidhuru." Nikauliza fikra gani hiyo inayokuja na miguu yake. Akasema mwalimu amemfundisha hivyo: fikra ikija usiipige wala usiifuate, itazame, ikumbushe ilikokufikisha safari iliyopita, na usubiri. Eti hamu ni kama wimbi la bahari, linapanda, linavunjika, linarudi. "Na wewe bahari umeiona wapi?" nikamuuliza. "Sijaiona," akasema. "Ndiyo maana nimeibadilisha. Kwangu mimi hamu ni moshi wa baruti. Tukishapasua mwamba, duara linajaa moshi. Mwenye haraka ya kuona dhahabu anashuka, anakufa. Mwenye akili anakaa juu anasubiri. Moshi hauhitaji kufukuzwa, Bibi. Unatoka wenyewe."

Nilivuta sahani ile karibu yake tena. Sikumsifu. Mtu aliyetoka kwenye unga ukimsifu mapema anadhani ameshamaliza. Lakini tangu siku ile tukawa na neno letu. Nikimwona anatazama ukuta muda mrefu, namuuliza tu, "Moshi?" Anajibu, "Bado," au anajibu, "Umetoka." Akisema bado, namtafutia kazi ya mikono, achambue mchele, akate kuni. Na kila alipojibu nilimchunguza macho, vidole, na mikono ya koti, kwa sababu mdomo wa mtu wa unga umezoea kusema uongo kabla mwenyewe hajaamua.

Somo lililofuata ndilo lililotuletea tabu. Mashine ilimwambia ajiepushe na watu aliokuwa akitumia nao, mahali alipokuwa akitumia, na vitu vinavyomkumbusha. Vitu hivyo inaviita vichochezi. Ikampa orodha ya mahali pa hatari achague: baa, sherehe, nyumbani kwa rafiki, siku ya kulipwa. Alichagua, nesi akafurahi. Wiki hiyohiyo simu ikapigwa kutoka Nyarugusu kwamba duara limeporomoka na Mabula alikuwa chini. Nilisikia kilio kutoka ng'ambo ya barabara nikiwa na pakacha la mboga mkononi, na kabla sijauliza nilijua ni Mama Mabula, kwa sababu alilia jina la mwanawe.

Mwili ungeletwa kesho yake. Wangekuja nao wachimbaji wenzake wote, wale aliokuwa akivuta nao. Na aliyetoa gari na jeneza ni Baba Neema, naye angekuja mbele ya msafara, kama mfadhili. Shija alikaa kwenye gunia la michembe na kusema, "Bibi, mimi siendi."

"Huendi wapi?"

"Msibani. Mwalimu amesema nikae mbali nao. Watakuwepo wote pale. Kila mtu atanipa mkono."

Msomaji wa huku anajua nilichosikia mimi. Asiye wa huku nimweleze. Kwetu jirani asiyefika msibani hapigwi wala hatukanwi. Watu wanasubiri. Siku akifiwa yeye, wanapita mbele ya nyumba yake na majembe begani, wanakwenda mashambani kwao, na anabaki na maiti yake. Na Mabula hakuwa jirani tu. Walikula sahani moja, wakashikiana kamba shimoni. Nilikwenda mwenyewe kituoni kwa miguu, nikamwambia nesi Prisca, mashine yako imemfundisha mjukuu wangu asimzike mwenzake. Akafungua, akatafuta, akanionyesha. Msiba haukuwemo kwenye ile orodha. Waliotengeneza masomo yale hawakuwahi kufikiri kwamba watu wote wanaoweza kukuua watakuja nyumbani kwa jirani yako wakilia, na utatakiwa kuwashika mikono mmojammoja.

"Bibi, kwa usalama wake, asiende," nesi akasema.

"Kwenu Sumbawanga mtu asiyezika anaishi na nani?"

Akashusha macho. "Kwetu pia ni vibaya."

"Basi?"

"Basi asiende peke yake," akasema. "Na awe na kitu cha kufanya. Asikae tu."

Nilirudi nikiwa na hasira na nesi, na mashine, na Mabula mwenyewe kwa kufa wiki ile. Njiani nilikuwa napima. Nikimlazimisha aende akaangukia mkono wa yule mzee, nimemrudisha shimoni mimi. Nikimwacha abaki chumbani, nitakuwa na mjukuu mzima asiye na watu, na mtu asiye na watu huku kwetu, atakayemfuata kumpa urafiki ni nani kama si Baba Neema? Nilipofika, Shija alikuwa amekaa palepale. Nikamwambia atakwenda kuchimba kaburi. Mchimba kaburi hana muda wa kukaa na watu. Akainuka, akasema, "Hilo naliweza."

Asubuhi ya maziko nilikuwa jikoni kwa Mama Mabula, chini ya turubai, pamoja na wanawake wa mtaa wote. Sufuria kubwa lilikuwa motoni, mimi nimeshika mwiko. Kaburi lilikuwa upande wa pili wa uwanja, na kutoka pale jikoni niliona vijana wanavyopokezana. Kwetu wanachimba wawili wawili: hawa wakichoka wanatoka, wanapewa maji, wanapeana mikono na wageni waliofika, wanavuta sigara yao, wengine wanaingia. Shija aliingia na wa kwanza. Wa kwanza wakatoka, yeye akabaki. Wa pili wakatoka, akabaki. Mpaka nikawa naona ncha ya sururu tu ikipanda na kushuka, halafu sikuiona hata sururu, naona udongo unarushwa.

"Mama Luhende, mjukuu wako kaona dhahabu?" mwanamke mmoja akaniuliza. Luhende ni mwanangu wa kwanza, ndilo jina ninaloitwa.

"Koroga mboga yako," nikamwambia.

Baba Neema alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi. Shati jeupe, kofia mkononi, uso wa mtu aliyefiwa kweli. Labda alikuwa amefiwa kweli, sijui. Alikuwa ameinama, mkono wa kulia ameunyoosha chini. Nikasikia anasema kwa upole, "Shija, mwanangu. Toka nikupe pole."

Kutoka chini ikaja sauti ya mjukuu wangu, "Moshi bado, mzee."

Vijana wakatazamana. Moshi gani kaburini? Mmoja akacheka, mwingine akasema huyu unga ulishamharibu kichwa. Baba Neema hakuurudisha mkono. "Toka, mwanangu. Umefanya kazi ya kutosha. Mwenzio amekwenda, njoo nikushike mkono." Na chini sururu ikaendelea, na sauti tena, safari hii kavu, "Moshi bado." Mjomba wake Mabula akaja kwa hasira, akachungulia, akasema hili ni kaburi au duara, kina kimepita, mtoto wetu mnampeleka wapi? Katekista alikuwa ameshavaa kanzu yake. Watu walianza kusogea, na nikaelewa kwamba sasa hivi watamvuta kwa nguvu, na watamvutia kwenye mkono uleule.

Mwanamke hakaribii kaburi linapochimbwa. Nililijua hilo tangu nikiwa msichana. Nilitoka jikoni nikapita katikati ya uwanja, nyuma yangu nasikia, "Mama Luhende, unakwenda wapi na mwiko?" Nilikuwa nimeusahau mkononi. Nilipofika ukingoni nikauchomeka kwenye rundo la udongo, nikaupokea mkono wa Baba Neema kwa mikono yangu miwili, goti moja limekunjwa, kama inavyotakiwa.

"Mwangaluka, Baba Neema."

Alijua salamu zetu. Alikuja huku mgeni, akajifunza Kisukuma cha salamu kwa ajili ya biashara, na mtu aliyezijua salamu hawezi kujifanya hajui zinaishia wapi. "Mwangaluka, mama," akasema.

Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema mhola, ni njema tu. Nikamuuliza habari za mama Neema. Nikamuuliza Neema mwenyewe. Nikamuuliza wadogo zake Neema, mmojammoja, na nilipokosa majina nikamwomba anitajie, akanitajia. Nikauliza ng'ombe. Nikauliza mvua ya Nyarugusu, kama imeanza, kama ni ya kupandia au ya kudanganya. Nikauliza waliokufa huko tangu masika, nikampa pole kwa kila mmoja. Alipojaribu kuvuta mkono nikauliza habari za wazazi wake, na hakuna mwanamume anayenyang'anya mkono wake kwa bibi kizee anayeuliza habari za wazazi wake mbele ya kadamnasi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Wazee waliokuwa pale walitulia, kwa sababu salamu haikatwi. Hata katekista alisubiri. Na muda wote huo vidole vyangu vilikuwa vinakipekua kiganja chake, vinatafuta kikaratasi cha kete.

Hakikuwamo. Kiganja kilikuwa kitupu. Labda aliniona ninakuja akakihamisha. Labda alikuja na mkono mtupu tangu mwanzo, kumzika kijana wake kama watu wengine. Nimelifikiria jambo hili miaka yote hii, na kila ninapotaka kumwonea huruma namkumbuka Shija katikati ya magunia, huruma inakwisha.

Nilikuwa nimefika kwenye habari za bibi yake mzaa mama sauti ilipotoka chini. "Bibi."

"Nakusikia."

"Moshi umetoka."

Nikamwachia Baba Neema mkono. Vijana wakashusha kamba upande wa pili, Shija akapanda, udongo mpaka kwenye kope. Hakumtazama mtu. Alikuja akasimama karibu yangu, nikang'oa mwiko wangu, tukarudi jikoni wote wawili, mwanamke aliyetoka kaburini na mwanamume aliyeingia jikoni, na siku ile hakuna aliyetuambia kitu. Nikampa kigoda na bakuli la maharage. Nikamnong'oneza kwamba nimempekua yule mzee, hakuwa na kitu.

"Najua inawezekana," akasema. "Hata mkono mtupu ungetosha, Bibi. Ningeushika ule mkono, ningemfuata mpaka Nyarugusu."

Hapo ndipo nilipoelewa neno la mashine. Mimi nilikuwa natafuta kete. Kumbe mkono wenyewe ndio uliokuwa kichochezi, pamoja na sauti na ile mwanangu, mwanangu. Hilo mjukuu wangu alilijua kabla yangu, na hakulijua kwangu mimi. Alifundishwa na sauti ya mwanamke asiyejua kusalimia, mle chumbani kwenye pazia la kitenge, mimi nikiwa benchini nakunja uso. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, si kwa sababu imenifurahisha.

Aliendelea na masomo mpaka yakaisha. Nesi Prisca alihamishwa. Kompyuta nayo ilikuja kuchukuliwa na watu wenye gari, wakasema muda wa mradi umekwisha. Nilikuwa kituoni kwa ajili ya goti langu. Nikawauliza maneno ya mjukuu wangu yamo humo au yametolewa. Kijana mmoja akacheka kwa adabu, akasema, usiwe na wasiwasi, bibi. Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi, hapo ndipo ninapoanza. Nililitazama lile sanduku likifungwa kwa sponji na kamba na kuwekwa nyuma ya gari, na ndani yake usiku wote wa mjukuu wangu, mambo aliyoyaambia kitu hicho na hakuniambia mimi, yanakwenda mahali nisipopajua, chini ya namba.

Basi hiyo ndiyo habari ya kaburi lile. Fundi aliporudia swali lake, nani alichimba hili, Shija aliweka mikono kiunoni akasema, "Mimi."

"Ulikuwa unatafuta nini huko chini?"

"Sikuwa natafuta. Nilikuwa nasubiri."

Fundi alimtazama, akamtazama Mama Mabula, akaamua si kazi yake. Akasema basi jaza mawe kwanza, ushindilie. Shija alileta mawe toroli baada ya toroli, akayapanga chini kama anavyojua yeye, akashindilia kwa gogo. Saruji ilikuwa imetumwa na Baba Neema. Angali Nyarugusu, angali mfadhili. Kabla hawajaichanganya niliifungua mifuko yote, nikapitisha mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Wanawake wakacheka: "Mama Luhende anapepeta saruji." Waache wacheke. Ilikuwa saruji tu.

Sasa Shija yuko Isaka, anapakia malori yanayokwenda nchi jirani, ana mke, na mke wake namwona ni mtu. Ananipigia simu Jumapili. Tunaulizana habari zote, mtoto, mvua, goti, na mwisho namuuliza lile neno letu.

"Moshi?"

"Hakuna, Bibi."

Hilo jibu silisikilizi. Nasikiliza amekaa kimya kiasi gani kabla ya kulitoa.